Baba Mdogo kwa Kiingereza

 

Leo nina neno moja tu la Kiingereza, neno "uncle". Limenijia kutokana na swali la mama mmoja wa Rusimbi, hapa hapa Manispaa ya Kigoma Ujiji. Mwanawe ameingia kidato cha kwanza, akaambiwa aandike habari za familia yake kwa Kiingereza. Kijana akaandika kwamba anaishi na "small father". Daftari lilirudi na mstari mwekundu juu ya maneno hayo, na pembeni pameandikwa "uncle". Kijana akafungua kamusi, akakuta "uncle" ni mjomba. Ndipo mama akauliza: huyu anayemlea mwanangu ni mdogo wake marehemu baba yake, tumbo moja. Tangu lini amekuwa mjomba?

Mama yangu, swali hilo halijibiwi kwa neno moja. Mwanao alikuwa na haki ya kuelezwa, tena kwa Kiswahili, lugha anayofikiria. Badala yake amepewa neno mbadala kisha akaachwa nalo. Basi leo tulieleze kama linavyostahili.

Kwa Mwingereza, "uncle" ni ndugu wa kiume wa baba, awe mkubwa au mdogo. Ni ndugu wa kiume wa mama pia. Ni mume wa shangazi vilevile, na mume wa mama mdogo au mama mkubwa. Watu hao wote wamewekwa chini ya neno moja, na msikilizaji wa Kiingereza haulizi zaidi. Akitaka kujua ni wa upande gani, itabidi mwenzake aongeze maneno. Kwetu hali ni kinyume. Huwezi kumtaja mtu huyo kwa Kiswahili cha huku kwetu kabla hujajua ni wa kwa baba au wa kwa mama, na kama ni wa kwa baba, ni mkubwa kwa baba yako au ni mdogo. Lugha yenyewe inakudai jibu kabla hujafungua kinywa.

Na jibu hilo lina uzito. Baba mdogo na baba mkubwa ni baba. Mahari inapozungumzwa wanakaa upande wa wenyeji, shamba la michikichi linapogawanywa wana sauti, na watoto wao ni kaka na dada zako, huwaiti vinginevyo. Mjomba ni mtu mwingine kabisa. Kwake unakwenda kudeka, unaomba usichothubutu kumwomba baba, na yeye akikuita mpwa wangu unajua umefika ujombani. Ukipita Morogoro kwa Waluguru, au kusini kwa Wamakonde, mjomba anapanda cheo zaidi, kwa kuwa huko ukoo hufuatwa kwa mama na kauli ya mjomba kwa watoto wa dada yake ni nzito. Huku kwetu Waha tunafuata kwa baba. Nchi ni moja, lugha ya taifa ni moja, lakini mjomba wa Morogoro na mjomba wa Kasulu hawana madaraka sawa.

Sasa niwapeleke India, kwa sababu wenzetu wa huko wamepambana na neno hili hili kwa muda mrefu kuliko sisi. Mwanafunzi anayezungumza Kihindi akiuliza maana ya "uncle", hapewi neno moja, maana halipo. Anaambiwa: akiwa ni kaka mkubwa wa baba yako, huyo ni tau. Akiwa mdogo wa baba yako, ni chacha. Akiwa ndugu wa mama yako, ni mama. Mume wa shangazi ni phupha, na mume wa dada wa mama ni mausa. Majina matano, na kila moja lina jina la mke wake au mwenzake wa kike. Mke wa chacha ni chachi, mke wa mama ni mami, dada wa mama ni mausi.

Mmesikia hapo? Mjomba kwa Kihindi ni mama. Ninyi mliokua mkitazama filamu za Kihindi kwenye vibanda vya video mtakumbuka kijana anamkimbilia mwanamume mwenye masharubu, anapaza sauti, "Mama! Mama!" Watazamaji wengi tulidhani anamlilia mama yake aliye mbali, kumbe anamwita mjomba aliyesimama mbele yake. Na si hilo tu. Babu mzaa baba kwa Kihindi ni dada. Kwa Kigujarati, lugha ya nyumbani ya Wahindi wengi waliofungua maduka Afrika Mashariki, kaka ni mdogo wa baba. Kwa hiyo katika duka moja la zamani mtoto wa mwenye duka angeweza kumwita baba yake mdogo kaka na mjomba wake mama, na mteja wa Kiha amesimama pale anasikia maneno anayoyajua yakiwa yamevaa watu wengine.

Watoto wa India huuita mwezi chanda mama, yaani mjomba mwezi. Fikirini jambo hilo kidogo. Mwezi uko juu, ni mpole, hauchapi mtu, unatoa mwanga bila kudai kitu. Ni mjomba kweli. Hauwezi kuwa baba mkubwa. Mfasiri akiandika kwa Kiingereza "Uncle Moon" hajakosea hata herufi, ila upande wa mama umeachwa, na pamoja nao umeachwa ule upole ambao mtoto wa Kihindi anausikia ndani ya jina lenyewe.

Jawaharlal Nehru, waziri mkuu wa kwanza wa India huru, watoto walimwita Chacha Nehru, na siku yake ya kuzaliwa, tarehe 14 Novemba, huadhimishwa India kuwa Siku ya Watoto. Ho Chi Minh wa Vietnam watu wake walimwita Bác Hồ, na bác kwa Kivietnamu ni kaka mkubwa wa baba. Vitabu vya Kiingereza vinawataja wote wawili kwa "Uncle". Sisi tukiwaleta kwa Kiswahili kupitia Kiingereza, tutaandika Mjomba Nehru na Mjomba Ho, na tutakuwa tumekosea mara mbili. Nehru alikuwa baba mdogo wa taifa lake, mtu unayeweza kumrukia mapajani. Ho alikuwa baba mkubwa, unayemwamkia kwanza ndipo ukae. Gandhi, kwa upande wake, walimwita Bapu, baba mwenyewe, na hilo sisi tuliomwita Mwalimu Nyerere Baba wa Taifa tunalielewa bila kuelezwa.

Kuna jambo la India linalomgusa moja kwa moja yule kijana wa Rusimbi. Kusini mwa nchi hiyo wako Watamil. Kwa Kitamil, kaka mkubwa wa baba ni periyappa na mdogo wake ni chittappa. Periya ni kubwa, appa ni baba. Chittappa ni baba mdogo, sawasawa na tusemavyo sisi. Watamil hao na watu wa Mwanga na Gungu hapa Kigoma, wasiokuwa na ukoo mmoja wala lugha za jamii moja, wamefikia jina lile lile kwa kufuata fikra ile ile, kwamba ndugu wa baba ni baba. Kwa hiyo kijana aliyeandika "small father" hakutunga upuuzi. Alifasiri fikra ambayo mamilioni ya watu duniani wanayo, akaipeleka kwenye lugha ambayo kwa sasa haina pa kuiweka.

Nimesema kwa sasa, kwa sababu zamani Kiingereza kilikuwa nayo nafasi hiyo. Hapa naomba mnisikilize vizuri. Kabla ya mwaka 1066, Waingereza walikuwa na neno fædera kwa ndugu wa baba na neno lingine, ēam, kwa ndugu wa mama. Waliwatofautisha kama sisi. Kisha Wanormani wakavuka bahari, wakaishinda Uingereza, na Kifaransa kikawa lugha ya mabwana. Katika karne zilizofuata maneno yale mawili yakasukumwa pembeni, likaingia neno la Kifaransa. Na neno hilo la Kifaransa limetoka kwenye Kilatini, avunculus, ambalo Warumi walilitumia kwa ndugu wa mama peke yake. Ndugu wa baba kwao alikuwa patruus. Maana yake ni kwamba "uncle" katika asili yake ni mjomba hasa, na baadaye ndipo likapanuka na kummeza baba mdogo, baba mkubwa na mume wa shangazi.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu kuna watu kati yetu wanaoamini kwamba Kiingereza ni kipana kwa kila kitu, na kwamba Kiswahili kikishindwa kulingana nacho basi Kiswahili ndicho chenye upungufu. Katika jambo hili la ndugu, Kiingereza ndicho kilichopoteza. Kilikuwa na mali, kikatekwa, mali ikapotea. Mwanafunzi akielezwa hivyo, hatauona tena mstari mwekundu kama aibu ya nyumbani kwao.

Kuna sadfa moja ya miaka ambayo sisi watu wa Kigoma inatuhusu. Novemba 1871, Henry Morton Stanley aliingia Ujiji akamkuta David Livingstone. Kila mtoto wa shule anaijua habari hiyo, na chini ya miembe ya Ujiji pana mnara wa kumbukumbu. Mwaka huo huo wa 1871, taasisi ya Smithsonian ya Marekani ilitoa kitabu kinene cha mwanasheria mmoja wa Rochester, New York, jina lake Lewis Henry Morgan. Morgan alikuwa ameshangazwa na Waseneca, wenyeji wa asili wa Marekani, waliomwita ndugu wa baba kwa neno lile lile la baba. Akatuma hojaji sehemu nyingi za dunia, kwa wamisionari na maofisa, akiuliza: huko mliko, ndugu wa baba anaitwaje? Wa mama je? Majibu kutoka kwa Watamil yakafanana mno na ya Waseneca. Kwenye kazi hiyo ndiko yalikoanzia masomo ya ujamaa wa damu katika vyuo vikuu. Wakati dunia inasoma habari za Stanley kuhusu Ujiji magazetini, Morgan alikuwa amekwisha kuuliza swali ambalo mtoto yeyote wa Ujiji angemjibu akiwa anacheza mchangani.

Turudi kwenye kamusi. Tanzania hatuna njaa ya kamusi. Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa London mwaka 1882. Arthur Madan wa Zanzibar alitoa ya Kiingereza kwa Kiswahili mwaka 1894. Ikaja ya Frederick Johnson mwaka 1939, na baada ya uhuru Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ikatupatia Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981 na ya Kiingereza kwa Kiswahili mwaka 1996. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, nao wakatoa Kamusi Kuu mwaka 2015. Kazi kubwa, na naiheshimu. Wahindi nao wana yao. Padre mmoja Mjesuti wa Ubelgiji, Camille Bulcke, aliyeishi Ranchi, alikipenda Kihindi hadi akawa raia wa India, na kamusi yake ya Kiingereza kwa Kihindi ya mwaka 1968 ilitumika katika nyumba nyingi za wanafunzi.

Ninachokililia mimi ni kitu kingine, cha chini ya kamusi na cha karibu zaidi na mtoto. Kamusi inapanga maneno na kuweka mkato kati yake: hili, hili, hili. Kwa mtu mzima anayejua pande zote mbili, mkato unatosha. Mtoto wa kidato cha kwanza, ambaye miaka yote ya shule ya msingi amesoma hesabu na sayansi kwa Kiswahili kisha ghafla kila kitabu kimegeuka Kiingereza, haoni kilichofichwa nyuma ya mkato. Anachukua neno la kwanza na kukimbia nalo. Ndivyo baba mdogo anavyogeuka mjomba.

Anahitaji mtu amkalishe, amwambie hivi. Mwanangu, neno hili Waingereza hulitumia kwa watu hawa, na hawa, na hawa. Ukitaja jina la mtu, unaanza kwa herufi kubwa, kama vile "Uncle Juma". Usipotaja jina, herufi ni ndogo, na mbele yake weka neno la kuonyesha ni wa nani, "my uncle", maana Mwingereza hasemi uncle alikuja kama sisi tunavyosema mjomba alikuja, isipokuwa analitumia kama jina la kumwitia. Ukitaka msomaji ajue ni baba mdogo, andika "my father's younger brother", maneno manne, na hakuna mwalimu atakayepiga mstari. Na kama ni yeye anayekulea, liandike pia, kwa sababu katika neno "uncle" malezi hayamo. Baba mdogo wetu, baba akifariki, anasogea mbele kuziba pengo bila kuteuliwa na mtu. Uncle wa Kiingereza halazimiki.

Maelezo kama hayo hayachukui hata dakika tano darasani.

Wengine watasema ninakuza jambo dogo. Basi twendeni mahakamani. Ujiji ni mji wa Waislamu tangu siku za misafara, na mirathi nyingi zinagawanywa kwa sheria ya Kiislamu. Katika sheria hiyo ami, yaani ndugu wa baba, ni asaba, mrithi wa kinachobaki baada ya wenye mafungu maalumu kupewa chao. Pale ambapo marehemu hakuacha wa karibu zaidi wa kumzuia, ami anaweza kuchukua mali yote iliyobaki. Mjomba hayumo katika asaba. Yeye amewekwa katika kundi la jamaa wa mbali, na maadamu wapo warithi wa mafungu au asaba, hapati kitu. Kiarabu kinawatenga, huyu ni amm na yule ni khal, na Kiswahili cha pwani kimechukua ami, na mtoto wa ami kikamwita binamu. Sasa shahidi akisema kwa Kiswahili, ikaandikwa kwa Kiingereza kwamba mali inadaiwa na "uncle" wa marehemu, karatasi hiyo imepoteza ndicho kitu ambacho kesi nzima inakitafuta. Mwandishi makini ataongeza "paternal" au "maternal". Asiye makini je? Mwaka 2021 Bunge letu lilibadili sheria, Kiswahili kikatajwa kuwa lugha ya mahakama, na mimi nililifurahia kwa sababu kama hizi, zinazohusu shamba la mtu na mtumbwi wa mtu.

Na kuna mahali pengine, hapa hapa mkoani kwetu, ambapo neno hili limebeba maisha ya watu. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, imepokea wakimbizi wa Kongo tangu mwaka 1996. Maelfu wameondoka hapo kwenda kuanza upya Marekani na nchi nyingine. Kabla ya kuondoka mtu anahojiwa, tena na tena. Unaishi na nani? Huyu ni nani kwako? Mkongo wa Fizi au Uvira anajibu kwa Kiswahili chake, huyu ni baba mudogo, huyu ni kaka, huyu ni mutoto wangu. Mkalimani ana sekunde chache za kuchagua neno la Kiingereza. Akisema "father", fomu imepata baba wa pili. Akisema "uncle", fomu inamtoa nje ya nyumba, kwa sababu wanaosoma fomu hizo familia kwao ni baba, mama na watoto waliozaliwa nao. Na yule kaka huenda ni mtoto wa baba mkubwa, na yule mtoto huenda ni wa marehemu dada yake, amemnyonyesha yeye.

Mwaka 2008 Marekani ilijaribu kupima vinasaba vya waombaji katika mpango wake wa kuunganisha familia za wakimbizi, kuanzia Nairobi kisha katika nchi nyingine kadhaa za Afrika. Ilitangazwa kwamba waliothibitika undugu wote waliodai hawakufika asilimia 20 ya kesi zilizopimwa, na mpango ukasimamishwa mpaka mwaka 2012. Udanganyifu ulikuwepo, na watu walitumia majina ya wenzao kwa fedha, hilo sikatai. Lakini naamini kabisa kwamba ndani ya kesi hizo walikuwemo pia watu waliosema kweli tupu kwa lugha zao. Kipimo cha vinasaba hakina sehemu ya kuandika baba mdogo. Kijana aliyelelewa naye tangu utotoni ameambiwa na mashine kwamba yule si baba yake, na hakukuwa na mtu wa kuieleza mashine kwamba kwetu baba si mmoja.

Tofauti hii inaonekana hata katika fasihi. Mwanaanthropolojia wa Marekani Laura Bohannan aliwahi kuwasimulia wazee wa Kitiv, kule Nigeria, kisa cha Hamlet wa Shakespeare, na makala yake ikatoka mwaka 1966. Katika kisa hicho mfalme anakufa, ndugu yake Claudius anamwoa mjane haraka, na kijana wa marehemu anaungua moyoni. Bohannan alitegemea wazee washtuke. Wazee wakasema Claudius kafanya vizuri: mdogo wa marehemu amechukua mke na watoto, nyumba haikuvunjika. Kwa msomaji wa Kiingereza, "uncle" aliyekaa kwenye kiti cha baba ni mvamizi hata kabla hatujajua kama ameua. Kwa jamii zenye baba mdogo, kiti kile kilikuwa chake tangu mwanzo, na kosa linatafutwa mahali pengine. Anayetaka kufasiri Hamlet kwa Kiswahili aanze kazi yake hapo, kabla hajagusa mashairi.

Lipo pia la kusema kuhusu namna "uncle" lilivyorudi kwetu kwa mlango mwingine. Nenda stendi, nenda mwaloni Kibirizi, utasikia: anko, karibu migebuka, anko, bodaboda hapa. India nako wanafanya vivyo hivyo, wanasema "uncle ji" kwa jirani, kwa mwenye duka, kwa mzee waliyekutana naye kwenye treni. Nimelifikiria sana jambo hili, na naona ni hili. Anko haimfungi mtu upande wowote. Muuza samaki hawezi kukuita baba mdogo, kwa kuwa jina hilo lina madai: litakudai ada ya shule, litakudai ushauri, litakudai kuja msibani. Mjomba nalo tumewahi kulitumia kwa wageni, lakini lina utani na ukoo ndani yake. Anko ni nyepesi. Tumeazima neno la Kiingereza kwa ajili ya watu tusio na uhusiano nao, na maneno yetu wenyewe tumeyaweka kwa ajili ya wenye uhusiano. Wahindi wamefanya vilevile, mbali na sisi, bila kuulizana.

Ninaowaonya ni vijana walioko Marekani, maana najua Kigoma ina watoto wake huko. Wamarekani weusi wana historia chungu na neno hili. Zama za utumwa na baada yake, wazungu wa kusini walimwita mzee mweusi "uncle" ili wasimwite bwana. Na kutoka kwenye riwaya ya Harriet Beecher Stowe ya mwaka 1852, jina la Uncle Tom limegeuka tusi zito la kumwita mweusi anayejipendekeza kwa wazungu. Mwaka 2020 kampuni ya mchele ya Uncle Ben's ilitangaza kuliondoa neno hilo kwenye jina la bidhaa yake. Kwa hiyo ukimheshimu mzee mweusi wa Atlanta kwa kumwita anko kama ulivyozoea Mwanga, huenda akakutazama kwa macho usiyoyategemea. Mwite "sir". Adabu yako ni ileile, ila hapo inahitaji neno jingine.

Nimebakiwa na kitu ambacho mimi mwenyewe kinanikera katika lugha yetu. Tumeona Kihindi kina phupha, mume wa shangazi, na kina mausa, mume wa mama mdogo. Kiswahili kina jina zuri la mke wa mjomba, mkaza mjomba, ingawa vijana wengi hawalijui tena. Mke wa baba mdogo ni mama mdogo, hilo halina shida. Lakini mume wa shangazi? Mtu amemwoa dada wa baba yako, amekuona ukizaliwa, amekaa nanyi misibani na harusini, na jina lake hamna. Wengine wanamwita baba, wengine mjomba, wengine wanamwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na siku hizi wengi wanamalizia kwa anko. Hapo ndipo "uncle" la Kiingereza limepata mlango halali, kwa sababu sisi tumeacha nafasi wazi.

Siamini kwamba lugha zote za Ziwa Tanganyika hazina neno hilo. Naomba wazee wa Rusimbi, wa Bangwe, wa Kitongoni, na ninyi mnaotusikiliza Uvira na Kalemie ng'ambo ya pili, mniletee. Waha, Wabembe, Wamanyema, Wagoma, Waholoholo, Warundi: mume wa shangazi yenu mnamwitaje anapoingia uani, na yeye anawaitikiaje? Leteni neno, mseme ni la lugha gani, na mseme linatamkwaje. Wiki ijayo nitayasoma yote hapa.